Jua la Mwanza Lililofuturisha Buyenzi

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, mwezi wa Shawwal

Kwa Mheshimiwa Alhaji Suud, Mwenyekiti wa Kamati ya Msikiti wetu, na kwa wajumbe wote wa Kamati, walioketi ndani na waliosimama mlangoni kusikiliza.

Yahusu: Malalamiko juu ya kutakiwa kuomba radhi ambayo nadai mimi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa na udhu, asije mtu akasema barua hii imeandikwa kwa hasira. Hasira ninayo, lakini nimeitawadhisha kwanza.

Mimi ni Hamimu, mtoto wa kaka yake Bi Sijaona muuza sambusa, yule mliyemtaja kwenye kipaza sauti Ijumaa iliyopita. Mlitangaza kwamba Ijumaa hii nisimame mbele ya safu ya kwanza niwaombe radhi Waislamu wote wa kartiye yetu, yaani mtaa mzima wa Buyenzi, kwa kuwa siku ile ya mvua, katika Ramadhani, programu yangu ya simu iliwafuturisha jua halijazama, na sasa kila mmoja ana siku moja ya kulipa. Nimelitafakari tangazo hilo kwa unyenyekevu wote nilionao, ambao si mwingi, na nimeona kwamba aliyekosewa ni mimi. Nitaeleza kwa namba, kama tulivyozoeshwa fakulteni, pale chuo kikuu, ambako hata kiti kilichovunjika mguu kina namba yake.

1. Nalalamika kwamba sikulitafuta jambo hili, nilisukumwa.

Miaka yangu yote ya kusoma informatiki nimesomea ubaoni. Programu tuliziandika kwa kalamu, kwenye karatasi, na walimu walizisahihisha kwa wino mwekundu. Programu zangu za karatasi zilikuwa nzuri mno. Hazikuwahi kukwama, hazikuwahi kuhitaji umeme, na maksi zake zilitosha kumfanya shangazi aniite “injiniya” mbele ya wateja. Kisha akaja mwalimu mpya wa mazoezi, Madamu Annick, akatuketisha mbele ya mashine na kututaka tuandike kitu kinachofanya kazi. Mheshimiwa, mashine haina adabu. Ukisahau kialama kimoja kwenye karatasi, karatasi inakusitiri. Ukikisahau kwenye mashine, inakuanika kwa maandishi mekundu na jirani yako anasoma. Nikaanguka mtihani. Nikarudia mwaka, nikaanguka tena.

Madamu Annick aliniita kando, akaniambia maneno ambayo hadi leo sijui kama yalikuwa ushauri au matusi.

“Hamimu, unajua maana ya kila neno, na hujatengeneza hata kitu kimoja. Nenda katafute mtu wa kweli mwenye shida ya kweli, umtengenezee kitu. Uniletee karatasi yenye sahihi yake kwamba anakitumia. Bila hiyo usije kwenye mtihani wa marudio. Utakuwa umemaliza na sisi.”

Kumaliza na wao maana yake ni kurudi nyumbani bila shahada na kushika kikaango. Sikidharau kikaango, kimenilea. Lakini shangazi yangu hajakaa mbele ya mafuta ya moto miaka hiyo yote ili na mimi nije nikae mbele ya mafuta hayo hayo. Ndiyo maana, aliposikia, alijifunga mtandio na kunikokota mpaka kwenu, akawaambia, “Huyu mutoto anatafuta mutu mwenye shida. Nyinyi hapa hamuna shida?”

Mlikuwa nazo. Wote mnakumbuka.

2. Nalalamika juu ya namna mlivyoagiza.

Kikao kile nakikumbuka vizuri kuliko somo lolote. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, uliegemea mto na kusema, “We mutoto, andika tu. Ni kitu kidogo. Wakati ukifika, simu inalia adhana. Ni siku mbili, tatu, umemaliza.” Sijui ni wapi watu wazima walipata imani hii kwamba programu huandikwa kama jina kwenye bahasha. Ukiona mtu anatoa injini ya gari humwambii “toa tu.” Unamletea kiti na chai. Mimi sikuletewa hata maji.

Mjumbe mmoja alitaka sauti ya adhana iwe ya Madina. Mwingine alitaka picha ya Kaaba inayozunguka, nikamweleza kwamba wanaozunguka ni watu, Kaaba imetulia. Wa tatu aliuliza kama inawezekana, kila adhana ikimalizika, litokee tangazo dogo la duka lake la matairi. Mlijadiliana juu ya rangi ya kijani, ipi ni ya dini na ipi ni ya mboga, mpaka Alasiri ikaingia. Katika mazungumzo yote hayo hakuna hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyeniuliza, “Hamimu, hilo jua utalitoa wapi?”

Huenda mlidhani liko ndani ya simu.

3. Nalalamika kwamba nilipofanya jambo rahisi na likawa sahihi, nilidharauliwa na fakulte. Na nilipofanya jambo gumu na likawa na kasoro, nimedharauliwa na msikiti.

Naeleza. Programu ya kwanza niliyowapa mwanzoni mwa Ramadhani ilikuwa nyepesi. Niliichukua kalenda ya Ramadhani iliyobandikwa kwenye ukuta wa msikiti, nikaziandika nyakati zake zote ndani ya simu kwa mkono, siku baada ya siku. Simu ikawa inalia pamoja na kipaza sauti cha msikiti, sawia kama mapacha. Mkafurahi. Mlisambaza kwenye kundi la WhatsApp mpaka watu wa Kajaga kando ya ziwa, ambako mvuvi hasikii mwadhini kwa sababu ya mawimbi, wakaiomba. Shangazi aliacha kunitaja kwa jina, nikawa “huyu wetu wa adhana.”

Kwa furaha hiyo hiyo nikaipeleka kwa Madamu Annick. Aliigeuzageuza kwenye kiganja kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

“Hii ni kalenda yenye kengele,” akasema. “Ramadhani ikiisha, itasema nini?”

“Haitasema kitu, Madamu.”

“Basi hujaandika programu, umenakili ukuta. Simu ijue jua linazama lini hata mwaka ambao kalenda yake haijachapwa. Hesabu ipo. Isome, uielewe, uiandike.”

Mnaona mtego niliowekewa? Kitu kilifanya kazi, nikaambiwa si kazi. Nikaisoma hesabu ya jua. Mheshimiwa, hesabu ya jua haisomeki. Ina pembe ndani ya pembe, na dunia imeinama, na mwaka haukubali kugawanyika. Nilipoona hivyo nilifanya kama wafanyavyo waandishi wa programu duniani kote, wenye shahada na wasio nayo: nilitafuta mtu aliyekwisha kuiandika akaiweka mtandaoni bure, nikaichukua nzima nzima. Nikabadilisha rangi. Nikaandika BUYENZI juu kwa herufi kubwa. Nikaigusa, ikalia. Kazi ikawa imekwisha.

Mwenzangu wa darasa, Lisette wa Kibenga, aliniuliza kama nimeijaribu. Nikamwambia, “Inalia.” Akasema, “Nasikia kwamba inalia. Inalia saa ngapi?” Lisette ni msichana asiyeweza kuona kitu kinafanya kazi bila kuuliza kwa nini kinafanya kazi. Nilimhurumia, nikaondoka. Kabla ya Alasiri programu mpya ilikuwa kwenye kundi la msikiti, na mkaiweka kwenye simu zenu kwa pupa kama watoto wanaogawiwa halua.

4. Nalalamika juu ya jioni yenyewe, na hasa juu ya mdomo wa kila mtu.

Mvua ilianza mapema. Umeme ukakatika, kipaza sauti kikawa chuma tu juu ya mnara. Mbingu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mabati, na milima ya Uvira ng’ambo ya ziwa haikuonekana, wala ziwa lenyewe. Shangazi alikuwa ameandaa kwa fahari. Alikuwa amewaalika majirani waje wafuturu kwake, kwenye nyumba inayotoka adhana. Mkeka umejaa, tende kwenye sahani, sambusa zimefunikwa kwa kanga, uji wa pilipili manga unatoa moshi.

Kisha zikalia. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, wala sitarajii kusikia tena. Simu ya shangazi, simu za majirani, simu ya nyumba ya pili, ya gereji ya ng’ambo, ya duka la vipuri, avenyu nzima kwa pamoja, adhana ya Madina katikati ya mvua. Watu walinitazama. Shangazi alinipa tende ya kwanza mimi, si mgeni. “Bismillah, injiniya wetu,” akasema. Nikala. Wote wakala.

Sambusa zilikuwa zimeanza kupungua wakati mwadhini wetu, Mzee Yahaya, ambaye hana simu ya kuteleza kwa kidole na hajawahi kuihitaji, alipotoka kwenye mlango wa msikiti, akaweka viganja masikioni, akaadhini kwa koo lake mwenyewe kwa kuwa umeme haukuwepo. Mvua ilikuwa imepungua. Alisikika mpaka kwetu.

Nyumba nzima ikaacha kutafuna.

 Jirani mmoja alikuwa na sambusa nusu imeingia, nusu iko nje, akawa hajui aipeleke upande gani. Mzee Yahaya akaendelea, pole pole, anavuta kila neno kama afanyavyo siku zote, na kila neno alilovuta lilikuwa linasema kwamba Magharibi imeingia sasa hivi, si ile robo saa iliyopita.

Naomba Kamati inieleze kosa langu hapo ni lipi. Niliandika programu, sikutafuna kwa niaba ya mtu. Nimesikia, Mheshimiwa, na nasema nimesikia tu, kwamba wewe mwenyewe ulikuwa umeshafika kwenye sambusa ya pili. Simu yangu inaweza kulia. Haina uwezo wa kumkunjulia mtu mkono ukafika kwenye sahani.

5. Nalalamika juu ya macho.

Mlinihoji siku ya pili yake kwenye baraza, na kila mzee aliyesimama alisema wazee wetu hawakufuturu kwa simu, walifuturu kwa macho. Vizuri. Hayo macho yalikuwa wapi jioni ile? Nilipouliza mlinijibu kwamba kulikuwa na mvua. Kwa hiyo mvua ni udhuru kwenu, kwangu si udhuru. Na hata siku isiyo na mvua, Mheshimiwa, jua la mji huu huzama mara mbili: kwanza linajificha nyuma ya milima ya Kongo, watoto wanalishangilia, kisha wakubwa wanasema bado, hilo limejificha tu, halijazama, tusubiri. Mji ambao jua lake lenyewe linadanganya watu kila jioni unapata wapi ujasiri wa kudai ukweli kutoka kwenye simu?

6. Nalalamika, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nimehukumiwa kwa sheria ambayo Buyenzi haimhukumu nayo mtu mwingine.

Lisette alikuja kuniona baada ya sikukuu. Sikumwita. Hakucheka, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeandaa jibu la mtu anayecheka. Aliniketisha mbele ya kompyuta kama mtoto wa chekechea, akaniamuru nisome mstari mmoja mmoja kwa sauti na kumweleza unafanya nini. Kila niliposema “huu sijui” alinirudisha mwanzo wa mstari mpaka nilipojua. Tulifika kwenye mstari wenye namba mbili, latitudo na longitudo, yaani mahali aliposimama mtu anayelitazama jua.

“Hapo ni wapi?” akaniuliza.

“Ni hapa.”

“Nani kakwambia?”

Tukaziweka kwenye ramani. Hapakuwa hapa. Palikuwa Mwanza. Aliyeiandika programu ile ni mtu wa Mwanza, alitazama jua la kwao, na kwa kuwa Mwanza iko mashariki mwetu, jua linawaaga wao kwanza, kisha linakuja kwetu. Siku ile Buyenzi yote ilifuturu kwa jua la Mwanza.

Sasa nauliza. Kartiye yetu inaishi kwa kazi gani? Kwa kutoa kipuri kwenye gari lililokufa na kukitia kwenye gari linalotaka kuishi. Mlango wa gari jeupe unavaa gari la bluu. Taa ya kulia inageuzwa ikawa ya kushoto. Nimeona kwa macho yangu, katika duka ambalo sitalitaja ila mwenye nalo ni mwenyekiti wa kamati fulani, redieta ya lori ikiuzwa kwa mwenye teksi, naye akaambiwa, “Itaingia tu, ulazimishe kidogo.” Hakuna fundi aliyeambiwa asimame mbele ya safu ya kwanza. Mimi nimetoa jua kwenye programu ya Mwanza nikalitia kwenye ya Buyenzi, likalazimika kidogo, nimekuwa fasiki.

7. Nalalamika juu ya Madamu Annick, ingawa hayuko chini ya Kamati, kwa sababu lazima mtu amlalamikie mahali fulani.

Nilimweleza yote, nikitegemea ataona aibu kwa alivyonisukuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nilikuwa nahisi nini wakati mwadhini anaadhini. Nikamwambia nilianza kuhesabu sambusa zilizokwisha kuliwa. Akasema, “Vyema. Sasa umeanza.” Hilo ndilo jibu la mtu mwenye shahada mbili. Akaongeza kwamba karatasi yenye sahihi bado anaitaka, na mtihani wa marudio uko mbele yangu.

8. Nalalamika juu ya ulimi wa kina mama wa avenyu yetu, ambao Kamati haijaukemea.

Tangu siku ile, shangazi akitandaza biashara yake, hapiti mtu bila kumwuliza, “Sijaona, leo tunakula saa ya wapi?” Wengine humwagiza “sambusa mbili za Mwanza.” Anacheka nao, anawafungia, anarudisha chenji. Akiingia ndani hacheki. Sijamsikia akinilaumu, si kwa neno wala kwa kufunga mlango kwa nguvu, na angeninyeshea matusi ningelala vizuri zaidi. Ananipakulia chakula kama kawaida. Haniiti tena injiniya mbele ya watu, lakini nadhani anafanya hivyo kunihifadhi.

Basi, Mheshimiwa, baada ya malalamiko hayo naleta maombi yangu. Ni machache na ni ya haki.

La kwanza, Kamati itie sahihi karatasi ya Madamu Annick. Karatasi inauliza jambo moja tu: je, programu ya mwanafunzi huyu inatumiwa na watu? Haiulizi kama wanaotumia wanafika Akhera salama. Ushahidi wa matumizi uko kwenye meno ya kila mmoja wenu. Hakuna chombo chochote katika historia ya Buyenzi kilichotumiwa na watu wengi namna ile kwa mara moja, kwa utiifu namna ile. Kipaza sauti cha msikiti kinalia kila siku na nusu ya watu wanaendelea kukaza nati. Simu yangu ililia mara moja, wote mkainua mikono.

La pili, radhi nitakayoombwa mimi isomwe na mjumbe yule wa matairi, kwa kuwa ana sauti.

La tatu ni la kudumu, na naomba mlijadili kwa utulivu. Programu inafanya kazi kikamilifu, ila iko Mwanza. Sisi tuko Bujumbura. Kuibadilisha programu ni kazi nzito. Nimesema hesabu yake haisomeki. Kwa hiyo, badala ya kuisogeza programu ije Buyenzi, ni rahisi zaidi Kamati ipitishe azimio la kuisogeza Buyenzi iende Mwanza. Sisemi watu wahame na vipuri vyao. Nasema tu kwamba, kwa mambo ya jua, tujihesabu tuko kule. Umma ni mmoja, na Mwanza ni mji wa heshima wenye ziwa kama sisi, tena kubwa zaidi. Mkipitisha azimio hilo leo kwa kurudi nyuma, basi siku ile mtakuwa mlifuturu kwa wakati, hakuna anayedaiwa siku, na Mzee Yahaya ndiye atakuwa alichelewa. Yeye ni mtu mpole, atasamehe.

Mkikataa hayo yote, nitalazimika kuandika kwa wakubwa zaidi, na kama nao hawatanisikia, nitamwandikia mtu yule wa Mwanza, nimweleze kwamba jua lake limesababisha fitina katika nchi ya jirani.

Naitakia Kamati afya, na wajumbe wake meno yenye subira. Nisalimieni Mzee Yahaya, mwambieni koo lake siku ile lilisikika vizuri. Wasalimieni mafundi wote wa gereji, kila mmoja na gari analolibadilishia viungo. Wasalimieni vijana wa safu ya mwisho ambao simu zao zilikuwa zimezimika wakafuturu kwa usahihi bila kukusudia. Shangazi Sijaona anawasalimu. Hajui kama nawaandikia.

Ni mimi, niliyedhulumiwa kwa adabu,

Hamimu
Mwanafunzi wa informatiki, mwaka wa tatu, kwa mara nyingine

N.B. (Alhamisi, jioni.) Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeichana kuongeza haya, msamehe mwonekano wake.

Leo shangazi amefunga kulipa siku yake. Sikujua, hakuniambia. Nimerudi kutoka fakulteni nikamkuta ameketi kwenye mkeka peke yake, tende tatu kwenye kisahani, amemaliza biashara na kunawa. Kalenda ya msikiti iko ukutani nyuma yake, hakuigeukia. Ameshika simu yake kwa mikono miwili kwenye mapaja, imewaka, imeandikwa BUYENZI juu kwa herufi kubwa. Hajawahi kuifuta.

“Hamimu,” akaniambia, “mi naisubiri yako. Imekaribia?”

Nilikaa chini. Nilitaka kumwambia yote niliyowaandikia nyinyi, kwa namba, na sikuikumbuka hata moja. Mheshimiwa, mtu anaweza kuishi na kartiye nzima ikimcheka. Sikujua afanyeje na mtu mmoja anayemwamini. Niliichukua ile simu mkononi mwake, nikaifuta programu, nikamwambia, “Shangazi, apana. Mungoje Mzee Yahaya.” Akaniuliza kwa nini, maana alidhani nilikwisha kuirekebisha zamani. Nikatoka nje nikasimama barabarani kusikiliza, mpaka mwadhini akaadhini, ndipo nikamwita ale.

Naomba barua hii isisomwe. Kama imeshasomwa, naomba isijibiwe. Karatasi ya Madamu Annick msiitie sahihi bado. Nimempigia Lisette, anakuja Jumamosi, tunaianza hesabu ya jua kutoka mstari wa kwanza, na safari hii nitausoma wote.

Kuhusu kesho: nitakuja, mpaka mbele ya safu ya kwanza. Nimemwomba shangazi naye aje, akae upande wa wanawake karibu na pazia. Aliniuliza kwa nini, na baada ya sala nitamjibu yeye na nyinyi wote kwa pamoja.